Boti yangu ya Nguba

Juzi nimeitoa tena majini boti yangu ya sasa, hapa Ziwa Simcoe, Kanada, kaskazini mwa Toronto. Ni kazi ya siku nzima: kubadilisha mafuta ya gia, kupulizia oili ndani ya silinda zisishike kutu, kutoa betri, kufunga turubai. Itakaa juu ya trela mpaka mwezi wa tano, na ziwa lenyewe litaganda, watu wavue samaki wakiwa wamesimama juu ya barafu. Jirani alinipongeza kwa kumaliza mapema. Mimi nilirudi ndani na huzuni.

Kwetu Bukavu, mji wa Kongo ulio kwenye Ziwa Kivu, boti haina msimu wa kulala. Kuanzia 2009 hadi 2017 nilikuwa na boti ya mita tano na moteri ya nguvu za farasi 40, niliifunga chini ya mawe ya Nguba, mtaa wa Bukavu. Nikitoka kazini saa kumi na moja jioni, iwe Januari au Julai, ziwa liko pale pale, na jua linazama kwenye saa kumi na mbili kama jana yake. Saa hiyo moja ilinitosha. Nazunguka rasi mpaka upande wa La Botte, nazima moteri, nautazama mji wangu: mabati ya Kadutu yanang'aa juu ya kilima, moshi wa makaa unapanda. Bukavu ukiwa ndani yake unaona matope na foleni. Ukiwa majini unaona kwa nini watu waliamua kuishi pale. Giza likiingia, wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, wanawasha taa zao, na watoto wangu wanagombania kuzihesabu.

Moteri ile ilinitesa mwaka wa kwanza. Ilikuja kutoka pwani, na kila tukipanda watu wanne ilinguruma bila kuinua boti. Fundi wa Beach Muhanzi aliifungua mara moja tu, akashika buji (plagi) mbili kati ya midomo, akaniambia: "Papa, moteri nayo inapumua. Huku kwetu hewa ni kidogo." Alisema kweli. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo moteri inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Akaitoa elisi, ile inayosukuma maji, akafunga nyingine yenye mwinamo mdogo wa mapanga. Jioni hiyo pua ya boti ilipanda, ikashuka, na kwa mara ya kwanza tukateleza juu ya maji. Mke wangu alipiga vigelegele mpaka wavuvi wakaitikia.

Wavuvi hao ndio ninaowakosa zaidi. Kule huwezi kuupita mtumbwi kwa kasi, mawimbi yako yataujaza maji. Unapunguza gesi, unasalimia, unaulizwa habari za nyumbani, na mara nyingi unaondoka na sambaza ndani ya kifuniko cha sufuria, wewe ukiwa umeacha sabuni au lita moja ya esansi, yaani petroli. Hapa Simcoe watu ni wapole, wanainua mkono kwa mbali, kila mmoja na boti yake. Miaka sita sasa sijui jina la hata mmoja wao.

Lakini sitasema kwamba kila cha kwetu ni bora. Hapa kuendesha boti ya moteri unahitaji kadi ya kuonyesha kwamba umefaulu mtihani, na kila aliyemo lazima awe na jileti yake ya kuokolea maisha. Wenzangu wa kutoka Kivu wanaziona sheria hizi kuwa usumbufu wa wazungu. Mimi sikubaliani nao kabisa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejazwa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, ndugu za abiria wakitazama. Waliipanda kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Simcoe kina chake hakizidi sana mita 40, Kivu inakaribia 480. Ni nani kati yetu aliyehitaji jileti zaidi?

Na plastiki jamani. Mara ngapi nimeinua moteri katikati ya ghuba, nikainama na kisu kukata sacheti zilizojizungusha kwenye elisi, moja juu ya nyingine, ngumu kama kamba. Zile ambazo hazikuishia kwangu zilishuka mto Ruzizi, unaotoka ziwani, zikaziba mitambo ya bwawa, nasi tukakaa gizani tukilaumu umeme. Hilo halihitaji Kanada kulitengeneza.

Boti nilimwachia mdogo wangu. Tangu vita viingie Bukavu Februari 2025 hajaitia majini. Moteri ameisimamisha chumbani kwa mama, na mama ameifunika kitenge. Jumapili mdogo wangu alinipigia simu ya video. "Yaya (kaka), sikiliza." Akatoa buji, akavuta kamba mara moja, bila esansi, nisikie tu kama bado inazunguka.

Ilizunguka.