Mtoto apewe baiskeli, apewe na pa kuiendeshea

Watanzania wenzangu huku Ujerumani hupenda kusema watoto wa huku wamedekezwa. Hajafikisha miaka miwili ana kigari, mitatu ana baiskeli isiyo na pedeli, mitano ana baiskeli kamili yenye kengele, na Krismasi ikifika anataka nyingine. Sisi, wanasema, tulisukuma ringi kwa kijiti na tukakua. Sikubaliani nao.

Nimekulia Ngamiani, Tanga, mji wa waendesha baiskeli. Phoenix na Avon zilijaa mitaani, lakini ya mtoto hukuiona. Baiskeli ilikuwa ya baba, ya kwendea kazini na kubebea gunia. Mtoto aliichukua mchana, baba akiwa amelala: mguu unaupitisha chini ya lile bomba la juu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umekumbatia kiti, mwili umepinda upande, pedeli unaikanyaga nusunusu kwa sababu haizunguki yote. Ukianguka, unatazama kwanza madigadi kama imepinda, goti baadaye.

Zawadi yetu ilikuwa hela ya sikukuu. Siku ya Idi tulizunguka kwa mashangazi na wajomba kutoa mkono, na kilichopatikana kikaenda moja kwa moja kwa fundi aliyekodisha baiskeli ndogo. Fundi anatazama saa, wewe unakata mitaa, wenzako wanakukimbilia nyuma wakidai zamu ndani ya muda uliolipia wewe. Raha ile siisahau. Lakini asiyekuwa na shangazi mwenye uwezo alikimbia tu nyuma ya wenzake, na wasichana wengi walikatazwa kabisa, eti baiskeli haiwafai. Dada yangu mpaka leo hajui kuendesha. Tukisimulia utoto wetu, tulisimulie na hilo.

Sasa naishi Mannheim, ambako mwaka 1817 Karl Drais aliendesha chombo chake cha mbao chenye magurudumu mawili, bila pedeli, akijisukuma kwa miguu. Vibaiskeli vya watoto wadogo wa leo huenda vivyo hivyo. Mwanangu alianza na Bobby-Car nyekundu, kigari cha plastiki kilichoingia sokoni 1972, alichoachiwa na mtoto wa jirani. Kelele zake juu ya lami mtaa mzima unazijua.

Kilichonigusa zaidi ni yale yanayofuata zawadi. Kisheria, mtoto mwenye baiskeli ambaye hajatimiza miaka minane hupita njia ya waenda kwa miguu, na mzazi anaruhusiwa kumsindikiza humo naye akiwa juu ya baiskeli yake. Akifika darasa la nne, shuleni kuna mafunzo na mtihani, mara nyingi pamoja na polisi: kugeuza shingo kutazama nyuma, kunyoosha mkono kabla ya kukata kona. Kisha kuna mitaa yenye kibao cha buluu chenye picha ya mtoto akicheza mpira. Humo gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na watoto wanaruhusiwa kucheza barabarani.

Huku tunajaza vibaiskeli kwenye makontena kupeleka nyumbani, na ni jambo jema. Kile nilichompelekea mpwa wangu kimesimama sebuleni, usukani bado una nailoni. Mama yake anaogopa bodaboda zinazochomoka kwenye kona bila kupunguza mwendo, na kiwanja tulichochezea sisi kimejaa fremu za maduka. Simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nisingemtoa.

Kwa hiyo ninaposikia tunachanga kwa ajili ya kontena jingine, naomba tuongeze mambo mawili. La kwanza ni pampu na tyubu za saizi zile ndogo. La pili ni kuzungumza na wenyeviti wetu wa mitaa, kwa sababu wanatusikiliza tunapochangia mengine: mtaa mmoja ufungwe kwa magari na bodaboda jioni za sikukuu, watoto wa kiume na wa kike wapewe zamu, na viwanja vya wazi vilivyobaki visiguswe. Ngamiani mitaa imenyooka, tena imepewa namba, kuuziba mmoja ni mabenchi mawili na vijana wa kusimamia. Idi ijayo tunaweza kuanza.