Mwenye VVU akikonda, tuanze na mwili au na kichwa?

Dar ukipungua kilo tano tu mtaa ushakupima bila kipimo, "yule kakanyaga miwaya". Kwa anayeishi na VVU kweli hilo neno linamkondesha mara ya pili, na ndo hapo watu wanapoanza kubishana tumsaidie vipi.

Kuna wanaosema mwili kwanza. Mtu kashapoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito bila kujinyima, anaharisha au ana homa na unyonge zaidi ya mwezi, sasa huyo unamkalisha kuongelea mawazo ya nini? Mpime TB, maana ndo inayoongoza kuua watu wenye VVU, angalia wingi wa virusi, muangalie na kinywa, fangasi zikishuka kooni hata ugali wa moto haumezeki. Hapo nawaelewa kabisa.

Wengine wanasema kichwa kwanza na wao hawajakosea sana. Sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inakata hamu ya kula, inafukuza usingizi, alafu inafanya mtu aruke dozi, virusi vinapanda, mwili unaisha, akijiona kwenye kioo anajifungia ndani na kula ndo haulizi tena. Na tusisahau dawa zenyewe za VVU zilichangia, efavirenz iliwapa watu ndoto za ajabu na kizunguzungu, stavudine nayo ilinyonya mashavu mpaka mtu anayemeza vizuri tu anajulikana kwa sura (WHO walishauri iachwe 2009).

Ila hoja yao inapwaya sehemu moja kubwa. Uchovu, kukonda, kukosa usingizi, hizo ni dalili za sonona na ni za TB pia, yaani ukimwambia mama wa watu "punguza mawazo" bila kupima makohozi unaweza kumzika.

Kwa hiyo mi naanza na TB. Ikitoka safi ndo nagombana na wa upande wa kwanza, maana wao wanakimbilia uji wa lishe wakati mtu amepanga chumba kimoja Mbagala na mwenza asiyejua, dawa anamezea chooni. Muulize analala vipi, nani nyumbani anajua.

Na tangu dolutegravir, dawa ya VVU ya siku hizi, ianze kutumika sana wengi wananenepa, kwa hiyo mwenye sonona siku hizi anaweza kuwa na mashavu yake kamili. CTC (kliniki ya VVU) utapanda mzani, kilo zimeongezeka, unaambiwa unaendelea vizuri, ila swali la usingizi linategemea foleni ikoje na umemkuta nesi gani.