Tangi la Maji ya Chumvi Linaweza Kuishi Bila Skima

Anayeanza kufuga samaki wa baharini hukutana mapema na sharti moja: nunua skima ya protini, yaani kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, la sivyo usianze. Mimi sikubaliani nalo. Skima ni kifaa kizuri, ninayo kwenye tangi langu kubwa na sina mpango wa kuiondoa. Ila kumlazimisha mtu mwenye tangi dogo na samaki wawili watatu aanze na skima ni kumpotezea fedha ambazo zingemfaa zaidi kwenye mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wadogo) na chumvi nzuri.

Kazi yake inaeleweka. Pampu huvuta hewa na kuikatakata kuwa viputo vidogo mno ndani ya silinda yenye maji ya tangi. Ute wa samaki, protini na mafuta yatokanayo na chakula hunata pale maji yanapokutana na hewa, kwa sababu molekuli zake zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Viputo hupanda navyo, povu hujikusanya shingoni, kisha humwagikia kikombeni. Ni povu lile lile linaloachwa ufukweni baada ya upepo mkali. Kwenye maji yasiyo na chumvi kifaa hiki hakifui dafu, maana chumvi ndiyo inayozuia viputo vidogo kuungana na kuwa vikubwa.

Uzuri wake ni kwamba huutoa uchafu kabla bakteria hawajauvunja kuwa amonia, kisha nitriti, kisha nitrati. Sponji ya kichujio huushika tu, na uchafu unaendelea kuozea humo humo mpaka uisafishe. Kwa hiyo ukimwaga kikombe na kuona yale maji ya kahawia iliyokoza, yenye harufu ya kukufanya ugeuze uso, ni rahisi kuamini kwamba bila skima samaki wangekufa wote.

Lakini kikombe kilichojaa hakisemi kilichobaki tangini. Nitrati na fosfati zilizokwisha kuyeyuka skima haizigusi. Hata taka zenyewe za protini, nyingi hazinati kwenye viputo: mwanakemia Ken Feldman wa Marekani na wenzake walipozipima skima kadhaa, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2009 na 2010, waliona zinaondoa takribani theluthi moja au pungufu ya kaboni ya taka iliyokuwa majini. Sehemu iliyobaki huwa ni kazi ya bakteria wa kwenye mawe na mchanga, pamoja na ndoo yako ya kubadilishia maji.

Tena jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mfugaji wa samaki Lee Chin Eng wa Indonesia alikuwa akitunza matumbawe kwa mawe hai na viputo vya hewa tu. Baadaye mwanasayansi Jean Jaubert, ambaye kazi yake ilionekana kwenye matangi ya Monaco, alitandika tabaka nene la mchanga juu ya nafasi yenye maji tu, ili bakteria wanaoishi penye oksijeni kidogo waigeuze nitrati kuwa gesi ya naitrojeni. Matumbawe yake yalikua bila skima.

Kwangu swali la kwanza ni je, unalisha kiasi gani, na je, utabadilisha maji kweli? Tangi la lita 80 linahitaji lita 8 kwa wiki ukibadilisha asilimia 10. Hiyo ni ndoo moja, wala haijai. Tangi la lita 600 linadai lita 60, na chumvi yake karibu gramu 35 kwa kila lita, na hapo ndipo watu wazima wenye nia njema huanza kuruka wiki. Ukiwa na tangi kama hilo, lina samaki wengi walao sana, nunua skima wala usisite. Wanaofuga matumbawe magumu kama akropora nao itawafaa. Matumbawe laini mengi hayajali, na mengine hunawiri maji yakiwa na lishe kidogo.

Kinachosahaulika ni hewa. Maji ya chumvi yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na usiku matumbawe na mwani huitumia na kutoa kaboni dioksidi, pH (kipimo cha asidi ya maji) ikashuka. Skima huchanganya hewa na maji usiku kucha, na kwa maoni yangu faida hiyo inakaribia ile ya kutoa taka. Ukiamua kuishi bila skima, elekeza pampu juu ili uso wa maji uchezecheze muda wote, na usilifunike tangi kwa kioo kizima.

Skima nayo ina madai yake. Shingo ikishika utando wa mafuta, povu halipandi, hivyo isugue mara kwa mara. Ukitumbukiza mkono wenye mafuta, povu hulala kwa saa kadhaa. Dawa nyingine hulifanya lifurike hadi sakafuni.

Anayetaka kuiondoa iliyopo asiichomoe ghafla. Punguza saa zake kidogo kidogo, pima nitrati na fosfati kila wiki, na uwatazame samaki alfajiri kabla taa hazijawaka: wakihema juu ya maji, hewa haitoshi. Nitrati ikiendelea kupanda na ndoo zimeshindwa kuishusha, irudishe.