Usanifu wa Mabomba ya Viwandani: Uanzie Kwenye Kompyuta au Karakanani?

Kijana mwenye diploma ya ufundi mitambo akiulizia namna ya kuwa msanifu wa mabomba ya viwandani, atapewa ushauri wa aina mbili. Wapo watakaomwambia asome programu ya kuchora mitambo kwa kompyuta, kama AutoCAD Plant 3D au AVEVA E3D, miezi mitatu, kisha aombe kazi. Wengine watamtuma karakanani mwaka mzima, ashike futi na grainda pamoja na fundi bomba, wakiamini kompyuta ni kitu cha kujifunza baadaye.

Wanaotetea kompyuta hubezwa sana na mafundi wakongwe, lakini hoja yao si ya kupuuzwa. Matangazo ya kazi za Ghuba hutaja programu kwa jina, pamoja na miaka ya kuitumia. Mara nyingi anayechuja maombi mwanzoni hajui elbo, yaani kiungo cha kona cha bomba, ni nini. Anatafuta neno E3D kwenye wasifu, na asipoliona anapita. Halafu mitambo mikubwa haichorwi tena karatasi moja moja. Modeli ya 3D hubeba mabomba, nguzo za chuma na trei za nyaya kwa pamoja, na humo humo hutoka isometriki (mchoro wa laini moja ya bomba unaoonyesha pande zake tatu kwa pamoja) na orodha ya vifaa. Bomba likipita katikati ya boriti, Navisworks, programu ya kukagua modeli, hulionyesha kabla chuma hakijakatwa. Aliyezoea penseli tu hana meza kwenye timu hiyo.

Ila programu ni mtiifu kupita kiasi. Ukiichagulia kitu kisichofaa, itakichora vizuri tu.

Chukua bomba la inchi 6. Jina ni inchi 6, lakini kipenyo chake cha nje ni milimita 168.3, na unene wa ukuta kwa skedyuli 40 (namba ya kutaja unene) ni milimita 7.11. Tuseme kutoka uso wa flenji, ile sahani ya kufungia bomba kwa bolti, hadi katikati ya elbo ndefu ni milimita 2,000. Flenji ya shingo ya daraja 150 (daraja ni kiwango cha presha) inakula 89, elbo inakula 229, na nafasi mbili za kuchomelea, milimita 3 kila moja, zinakula 6. Fundi akate milimita 1,676. Sasa mchoraji aliyejifunza kubofya bila kuelewa akichagua daraja 300 kwenye katalogi, flenji inakuwa na urefu wa takribani 98, kipande kinashuka hadi kama 1,667, na mashimo ya bolti yanakuwa 12 badala ya 8. Kwenye skrini hakuna anayelalamika. Saiti, flenji ya daraja 300 inasogezwa kwenye valvu ya daraja 150 na haiingii hata bolti moja. Kipande kinakatwa, kinachomelewa upya, kinapigwa picha ya eksirei upya, na kreni inasubiri kwa malipo ya saa.

Makosa ya aina hiyo angalau huonekana mapema. Yapo yanayojificha. Redusa ya upande mmoja, yaani kiungo cha kupunguza kipenyo chenye upande mmoja bapa, kwenye mdomo wa kunyonyea wa pampu, bomba likija kwa usawa, huwekwa upande bapa ukiwa juu. Ukiigeuza, hewa hujikusanya kwenye kona ya juu na pampu inaanza kukohoa wiki chache baada ya kuwashwa. Bomba la gesi la inchi 24 lenye ukuta wa milimita 9.53 huonekana jepesi kwa sababu ndani mna gesi, mpaka siku ya jaribio la presha linapojazwa maji: kama kilo 274 za maji kwa kila mita, mbali na uzito wa chuma chenyewe. Vishikizo vilivyohesabiwa kwa gesi peke yake hupinda siku hiyo.

Joto ni somo jingine ambalo kozi za miezi mitatu hulipitia juu juu. Chuma cha kawaida hurefuka takribani milimita 1.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi 100 za Selsiasi. Mita 30 za bomba zikitoka nyuzi 25 hadi 175, zinarefuka kama milimita 54. Ukilibana bomba huku na huku, litasukuma mdomo wa pampu au kung'oa nanga zinazolishikilia. Aliyepita Hell's Gate, Naivasha, ameona mabomba ya mvuke wa Olkaria yakipinda kama lango kila baada ya umbali fulani. Wageni hudhani wajenzi walikuwa wakikwepa mawe. Mikunjo ile ndiyo inayomeza urefu huo.

Kwa hiyo karakana imeshinda? Sivyo hata kidogo. Mwaka wa karakanani humfundisha mtu nafasi ya mkono wa mchomeleaji, na kwamba gurudumu la valvu lisiwe mahali pa kupandia ngazi. Haumfundishi kusoma mchoro wa mchakato na vyombo vya vipimo, wala kanuni ya usanifu ya ASME B31.3 ya mabomba ya ndani ya mitambo inapoishia na B31.4 ya mabomba marefu ya vimiminika inapoanzia. Wapo waliokaa karakanani miaka kumi wakabaki kuwa wakataji hodari wa michoro ya wengine. Ni kazi ya heshima, lakini si usanifu.

Kinachoamua, kwa maoni yetu, ni mahali kazi ilipo. Wengi huvutwa na bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, kipenyo cha inchi 24, likipashwa moto kwa sababu mafuta ya Uganda huganda kama nta yakipoa. Wanawaza kilomita hizo zote ni michoro. Njia ndefu ya bomba huchorwa kwa karatasi za njia, zinazofuata ardhi kipande kwa kipande, na hiyo zaidi ni kazi ya wapimaji na wahandisi wa njia. Msanifu wa mabomba yumo kwenye vituo vya kusukuma na kituo cha matangi, kwenye mita chache zilizosongamana valvu, vichujio na mita za kupimia. Na michoro ya kina ya mitambo ya ukubwa huo kwa kawaida hukamilishwa kwenye ofisi kubwa za usanifu nje ya Afrika Mashariki, India zikiwamo nyingi. Kinachobaki saiti ni vipande vya marekebisho, isometriki za karakana na michoro ya kitu kama kilivyojengwa.

Hapo ndipo ushauri wetu unapoegemea: anza na isometriki, si modeli. Mistari ya nyuzi 30, penseli, katalogi ya vipimo vya flenji na elbo, na bomba halisi la kupima. Kazi hiyo inapatikana kwenye bohari za mafuta, viwanda vya sukari, viwanda vya bia na mitambo ya maji, tena miradi mikubwa ikiisha haiondoki nayo. Miezi sita yatosha kuipata mikononi, kisha ndiyo ulipie kozi ya programu. Anayelenga Ghuba moja kwa moja anaweza kuipindua ratiba, ajue tu kwamba jaribio la usaili hufanywa na mtu wa bomba, si mchuja wasifu.

Usipeleke picha za 3D zenye rangi kwenye usaili huo. Peleka isometriki moja ya laini uliyoipima mwenyewe: namba ya laini, mshale wa kaskazini, urefu wa kila kipande, kila weldi na namba yake, weldi za karakanani zikitofautishwa na za saiti, tundu la kutolea hewa juu kabisa na la kumwagia chini kabisa. Kwenye weldi ya mwisho ya saiti acha bomba milimita 100 hadi 150 za ziada za kukata. Mkaguzi mzoefu hutafuta hizo kwanza.