Karafuu kwa Jina la Iliki

Haya yalinifika Chake Chake, mwezi wa Ramadhani, siku mbili kabla ya mishahara ya sikukuu. Ofisi yenyewe naiacha bila jina kwa sababu mkate wangu bado unatoka humo humo.

Chumba chetu cha seva kina kuta nene za mawe, simu haishiki kabisa. Ukitaka kuzungumza utoke nje, uvuke uchochoro, usimame barazani kwa jirani ambako wazee huchezea bao. Mmoja wao tunamwita Afande. Alistaafu kazi ya kuzuia magendo, lakini nadhani yeye mwenyewe hajaarifiwa.

Aliyezianzisha mashine zetu naye kastaafu, yuko kwake Konde, na sikio limeanza kumsumbua. Sisi tukimwita Mzee tu. Mashine hakuzipa namba, alizipa viungo: ya mishahara karafuu, ya majaribio iliki, na ile inayowapelekea wenziwe mfumo kwa waya akaiita mdalasini. Zote zinatumia AIX, mfumo endeshi wa IBM, na mdalasini ndiyo bwana wa NIM, yaani mtambo wa kusakinisha mfumo kupitia mtandao. Huhitaji kutia diski wala kupanda ngazi. Unakaa kitako, unaamrisha, mashine ya chumba cha pili inajizima, inawaka, inavuta mfumo mpya na kujifuta ya zamani yote. Raha ya kazi ni hiyo, na balaa lake ni hilo hilo.

Nikaambiwa iliki imechoka, niipige mfumo upya.

Ilikuwa saa nane mchana, saumu imenikaa shingoni, macho yanaona mkate wa kumimina kwenye skrini. Nikaandika lsnim peke yake, bila nyongeza, ili nione NIM ina nini. Ikanitolea safu tatu: jina la kitu, jamii yake, aina yake. Kuna mashine, kuna mitandao, kuna rasilimali. Katika rasilimali nikaiona lpp_source, ambayo ni ghala la vifurushi; nikaiona spot, saraka ambayo mashine isiyo na kitu huazima ili ipate kuwaka; nikaiona mksysb, nakala ya mfumo mzima; na faili moja la bosinst_data, maagizo ya usakinishaji aliyoyaacha Mzee, ambalo sikulijali. Na kwenye mashine, mstari mmoja safi: iliki, machines, standalone.

Nilitaka iliki, iliki ndiyo hiyo. Karafuu haikuwamo katika orodha hata kidogo. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini. Mimi nilifurahi: haimo, basi haiwezi kudhurika.

Herufi moja tu ilinishinda. Ningeandika lsnim -l iliki, ningemwagiwa habari zake zote, kuanzia anwani mpaka hali aliyo nayo. Lakini habari zote ni za nini, mtu na jirani yake? Nikapiga bos_inst, amri ya kusakinisha mfumo, nikampa spot, nikampa mksysb, nikampa na lile faili la Mzee kama lilivyo. NIM usipoizuia, haikungoji uende ukaizime mashine. Inaiamrisha yenyewe ijiwashe upya. Nikaegemea kiti.

Hata dakika tatu hazikufika, Bi Mhasibu yuko mlangoni, miwani kaipandisha kipajini.

"We kijana, karafuu imekwenda wapi?"

"Karafuu haijaguswa, Bibi. Ninayoipiga ni iliki. Njoo nikuoneshe."

Hapo ndipo nilipoandika ile -l. Mistari ikashuka. Class, sawa. Type, sawa. Kisha if1, mahali pa kuonesha mashine hii kwenye mtandao inaitwa nani hasa. Ikasema: net_chake karafuu.

Jasho la mtu aliyefunga halina maji, lakini mimi nililipata.

Chini yake mstari wa Cstate unasema kazi ya kuweka mfumo inaendelea. Bi Mhasibu akaniuliza yasema nini. Nikamwambia, inaendelea.

"Inaendelea? Alhamdulillahi," akasema, akarudi kwake.

Nikatoka mbio na simu.

Kwa wasiokuwa wa huku, niseme kidogo. Karafuu ya Pemba kwa sheria ina mnunuzi mmoja, ZSTC, shirika la serikali. Ukiipakia chomboni usiku ukaelekea upande wa Kenya, hayo ni magendo, na baraza nzima ya Pemba inajua magendo yanavyozungumzwa: kwa simu, kwa haraka, na kwa jina la kitu kingine.

"Asalaam aleikum, Mzee! Karafuu imelala!"

"Nini?"

"Karafuu! Imelala! Nimeitoa kwa jina la iliki!"

Kete za bao zikasimama hewani.

Mzee alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akavuta pumzi. "Mwanangu, iliki ndiyo karafuu. Ile karafuu ya mwanzo ilikufa kwa radi. Nikachukua mwili wa iliki, nikautia roho ya karafuu, nikaubadilisha jina. Kwenye NIM nikaacha lile lile la iliki, nikasema nitalirekebisha kesho."

"Kesho gani?"

"Kesho nilistaafu."

Akaniuliza mstari wa info unasemaje. Sikuusoma. Nikarudi ndani mbio, nikasoma, nikatoka tena nahema. Barazani wameshasogea, sasa nina wasikilizaji wanne na mtoto mmoja wa kuuza maji ya barafu kwa ajili ya futari.

"Inasema inangoja mtu kwenye skrini ya mashine yenyewe, ajibu!"

"Ah! Basi haijafutwa hata chembe," Mzee akacheka. "Kafungue lile faili la bosinst_data. Hujui liko wapi? lsnim -l na jina lake, tazama location. Utakuta nimeandika PROMPT, yes. Maana yake haianzi mpaka mwanaadamu abonyeze."

Akanieleza kwa nini, na hapa sikuwa na haraka tena kwa sababu miguu ilikwisha nguvu. Yeye kazianza kazi hizi umeme wetu ukitoka kwenye majenereta ya Wesha, kabla waya wa baharini kutoka Tanga haujafika mwaka 2010. Umeme ukenda na kurudi utakavyo. Aliogopa siku moja urudi usiku wa manane, mashine iamke, ikumbuke iliamrishwa, ijipige upya watu wamelala. Kwa hiyo akaiwekea adabu: uliza kwanza. Mimi vijana wa mjini walinifundisha kuandika no, ili kazi iende yenyewe. Namshukuru Mungu nilikuwa mvivu wa kuandika faili langu.

"Sasa sikiliza. Iachie kwa nguvu. Halafu vua kila ilichopewa. Na mdalasini funga bandari ya 69, ule mlango wa mtandao wa tftp unaopitishia faili za kuwakia, isije ikavuta tena."

Kwa kuwa hasikii vizuri, ilinibidi nirudie kila neno nikipaza sauti, nihakikishe tumeelewana.

"Niiachie kwa nguvu! Nivue kila kitu! Mdalasini nifunge bandari ya sitini na tisa!"

Nikamsikia Afande nyuma yangu akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetukanwa: "Mimi bandari bubu zote za kisiwa hiki nilikuwa nazijua kwa majina. Hii ya sitini na tisa imefunguliwa lini?"

Sikugeuka. Nikarudi ndani, nikapiga nim -Fo reset iliki, kisha deallocate yenye subclass=all. Nikaangalia spot kwa lsnim -l, alloc_count yake ikashuka mpaka 0, maana hakuna tena mashine iliyoishika. Nikaenda kwenye mashine yenyewe, nikaizima, nikaiwasha, nikaingia menyu yake ya mwanzo nikaichagulia diski badala ya mtandao. Zile dakika nilizongoja herufi za kijani zipande nilisoma kila sura fupi niijuayo, na nyingine mbili za katikati ambazo sikuwa na hakika nazo.

Ikaamka. Login. Mishahara yote imo. Bi Mhasibu alipoteza majina kumi na mbili ambayo hakuyahifadhi, akaniambia maneno ambayo Ramadhani hayasemwi, akayatolea istighfari hapo hapo.

Nilikuwa bado nimeshika kibodi nikiibadilisha ile iliki iwe na jina lake la haki, mlango ukagongwa. Afande. Kavaa kanzu safi na kofia ya kiua, mkononi ana daftari la mistari, nyuma yake vijana wawili wa baraza waliokuja kwa ajili ya tamasha tu.

"Kijana," akasema kwa upole kabisa, "mimi si mtu wa fitina. Nioneshe tu hiyo karafuu."

Nikamwonesha sanduku jeusi kwenye kabati la chuma, taa zake zinamwetamweta. Akalizunguka. Akainama, akatia pua penye matundu ya feni, akanusa muda mrefu, kitaalamu, macho kayafumba.

"Na iliki iko wapi?"

"Hiyo hiyo, Afande."

Akafungua daftari, akaandika.