Nyota Mbili, Reli Moja

Jamani, mtu mzima mimi, mjumbe wa kamati ya maji ya mtaa, nasimama gengeni nashindwa kusema kama nimetumwa nyanya au nyanya chungu. Orodha ninayo. Iko kwenye simu, na simu ninayo mkononi. Lakini ile programu ya kuandikia, ambayo jana ilifunguka bila maneno, leo inataka niingie upya: weka barua pepe, tumekutumia namba, weka namba. Bando limekata, na mwenye watoto haulizi limekataje. Nikanunua zote mbili, na kule nyumbani zilikuwa zinasubiriwa bamia.

Na mimi sitaki makubwa. Nataka pa kuandika zile tarakimu 20 za LUKU, na mchango wa harusi nilioropoka mbele za watu. Basi. Nimeshajaribu nyingine. Moja iliniuliza timu yangu ina watu wangapi, nikahesabu mpaka shemeji, ikanipangia ratiba ya mradi. Nyingine ilikuwa ya bure mpaka nilipoizoea. Nyingine iliomba ruhusa ya kusikiliza maikrofoni, sijui mchicha una siri gani.

Ndipo akaja mpwa wangu, anasomea kompyuta chuoni. "Shikamoo mjomba. Shida yako ni ndogo, hamia Markdown." Akavuta kiti. Akaniambia aliibuni Mmarekani mmoja, John Gruber, mwaka 2004, na Aaron Swartz akamsaidia. Si programu, ni namna ya kuandika: maandishi matupu tu na alama zake, faili lake linaishia na md, na programu ikifa leo kesho unalifungua kwa nyingine. Hapo nilimwelewa, kusema kweli. Akaendelea: reli moja ni kichwa cha habari, reli mbili kichwa kidogo, nyota mbili mbele na mbili nyuma, neno linakoza.

Nyota na reli! Mimi hizo nazijua za kuangalia salio. Nilipomaliza kuandika nikakaa kimya nasubiri niambiwe halitoshi.

"Sasa tuchague pa kuandikia," akasema. Nikamwambia Notepad ipo, ipo kwenye Windows tangu 1985, haijawahi kuniuliza jina. Akacheka: hata hiyo, mwaka 2025 Microsoft wameanza kuitia Markdown. Hata huyo mzee hawakumwacha apumzike!

Tukafungua ya kwanza: unaandika kushoto, unasoma kulia, yaani nyanya zilezile mara mbili. Ya pili inaficha nyota ukishaziandika, sasa nilizihangaikia za nini? Ya tatu ndiyo aliyoipenda. Inaweka kila kitu kwenye folda yako mwenyewe, halafu inakuchorea ramani, kila andiko nukta, na yanayohusiana yanaungwa kwa mstari. Rangi ya mandhari tu ilitula jioni nzima. Kisha akaanza kuunga. Nyanya kwenye matumizi, matumizi kwenye ada, ada kwenye Mama Sakina. Harusi kwa Mama Sakina. LUKU kwa Mama Sakina. Nukta inavyozidi kuungwa ndivyo inavyonenepa, na hiyo ilinenepa ikakaa katikati ya kioo. Mke wangu akapita na sinia la mchele.

"Huyu Mama Sakina mbona kaungana na kila kitu?"

"Wa kikoba," nikasema.

"Ni viungo tu, anti," mpwa akadakia, "hata ukimfuta hapa, kule anaonekana."

"Hata akifutwa. Eeh."

Kijana, mimi nilitaka kuandika nyanya! Nyanya, fungu mbili, nukta! Nani alikutuma uniungie maisha?

Akajibu kwa upole kwamba ili niione na kwenye simu, kuna kalipo kadogo ka dola kila mwezi.

Mke wangu hana programu yoyote. Anaandika kwenye majina ya simu. Kuna Fundi Bomba, kuna Fundi Bomba Usimpokee, kuna Fundi Bomba Kaka Yake Yule. Anampata anayemtaka kwa sekunde, ingawa kumpata fundi na kumwona fundi ni mambo mawili. Bomba la uani linavuja tangu kabla ya mfungo. Nimempigia huyo kaka mtu sasa hivi, anaapa yuko njiani, kashapanda daladala, na mimi nasikia kabisa watu wanashangilia goli. Nikamuuliza limefungwa na nani. Akaniambia dakika, na mfungaji.