Manowari Yangu Ilizama Jukwaani

Kabla sijaandika kichekesho cha redio kuhusu jeshi la majini la Uingereza, safari zangu zote za baharini zilikuwa za feri ya Likoni, tena nikiwa nimesimama katikati kabisa, mbali na maji. Hilo halikunizuia. Nilikuwa ninaishi Portsmouth, mji ambao kila mzee wa tatu unayepanga naye foleni ya mkate ni baharia mstaafu, na kikundi kimoja cha kujitolea kilikuwa kinatafuta mtu wa kuandika mchezo wa dakika 20, utakaorekodiwa mbele ya wasikilizaji walioalikwa ukumbini.

Kioo changu kilikuwa The Navy Lark, mchezo uliorushwa na BBC kuanzia 1959 hadi 1977, kuhusu manowari Troutbridge na mabaharia wake waliokuwa na bidii ya kila kitu isipokuwa kazi. Mmoja wa waigizaji wake wakuu, Jon Pertwee, alilitumikia jeshi hilo wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa hiyo alikijua alichokuwa akikidhihaki. Mimi nilikijua kivuko.

Katika kusoma kwangu niliokota jambo lililonifanya nicheke peke yangu usiku. Hadi kufikia 1933, katika meli za Uingereza, ofisa aliyetaka chombo kigeuke kushoto aliamuru "kulia". Amri hiyo ilirithiwa kutoka enzi za usukani wa kana, yaani mti wa mkononi wa kuugeuzia usukani: ukiisukuma kana kulia, chombo huenda kushoto. Gurudumu lilipokuja, kana ikaondoka lakini amri ikabaki. Hata kwenye Titanic, mwaka 1912, amri iliyotolewa ilikuwa ya kulia na meli ikageuka kushoto, kama ilivyokusudiwa. Nikauweka mchezo wangu katika mwaka 1932, nikamtia ndani ofisa kijana asiyejua mkono wake wa kulia, nikaona kazi imekwisha.

Kwa tahadhari nilimpigia simu mjomba wangu, nahodha wa jahazi kwa miaka mingi, nikamwuliza wao humwamuruje mshika usukani. Akanieleza habari za goshi na demani, yaani upande unakotoka upepo na upande unakoelekea. Nikamwuliza, sasa goshi ni kulia au ni kushoto? Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ninakula vizuri huko.

Siku ya kurekodi, nafasi ya nahodha ilichukuliwa na mzee mmoja aliyekuwa kijana kazini wakati mgawo wa ramu wa kila siku ulipofutwa, tarehe 31 Julai 1970, tarehe ambayo huitaja kwa sauti ya mtu anayetaja msiba. Mimi nilikuwa fundi wa milio. Kulikuwa na mikrofoni mbili, moja kila upande wa jukwaa, na chini ya kila moja beseni la maji, ili msikilizaji asikie mawimbi yakihama meli inapogeuka. Mezani palikuwa na sinia la vikombe vya kuvunjwa tutakapoligonga gati, na mdomoni nilibana filimbi ya serahangi, ile inayopigwa kumpokea mkubwa anapopanda melini. Ili nisipotee, nilikuwa nimetia alama kwa wino mwekundu pembeni mwa mswada: K kwa kulia na, kwa akili zangu timamu, K kwa kushoto.

Ukurasa wa nne mzee akanguruma, "Kulia!" Nikatazama pembeni, nikaona K. Nikakimbilia beseni la kulia. Njiani nikakumbuka kwamba tuko 1932, nikageuka. Nikiwa katikati nikakumbuka kwamba ninawatazama wasikilizaji, kwa hiyo kushoto kwangu ni kulia kwao, nikageuka tena. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ngamani. Mguu wangu uliingia beseni zima zima, kiwiko kikachukua sinia, vikombe vikavunjika kurasa tatu kabla ya gati, na pumzi iliyonitoka ikapita kwenye filimbi kwa mlio mrefu, safi, wa kumpokea amiri. Mzee, bila kufikiri, akasimama wima akapiga saluti. Maji yakaufikia waya wa umeme, swichi ya usalama ikajikata, na ukumbi ukawa giza totoro.

"Leteni taa," mzee akaamuru kutoka gizani, sauti ikiwa shwari kabisa, "na mtoeni huyo majini."

Kicheko kilichofuata hakikurekodiwa. Kilichosalia ni dakika saba, nazo zinakoma kwenye vikombe na filimbi. Nilimtumia mjomba, nikamtafsiria neno kwa neno, na nikamweleza kwa kirefu habari za 1933, kana, mikrofoni na hesabu yangu ya kulia kwao na kushoto kwangu. Akasikiliza hadi mwisho kwa subira ya mtu aliyengoja kusi maisha yake yote.

"Nimekuelewa, mpwa wangu," akasema. "Ila upepo hujaniambia ulikuwa unatoka wapi."